Injini ya makopo na jibu nililompa Bruda

Jumamosi, alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kwa nguvu, na bati la juu linalialia linavyokauka. Watu wako nje. Mimi nimejifungia chumbani na daftari hili, kama mtu mwenye deni, na wala sina deni.

Leo nimepata kazi.

Nimeandika hivyo kwanza nione macho yangu yatasemaje. Mwalimu wa ufundi wa bati, shule ya ufundi ya misheni, kuanzia Jumatatu. Mtu aliyepata kazi katika miaka hii anatakiwa acheke mpaka majirani waulize kuna nini. Mimi tangu turudi na mke wangu kutoka huko sijacheka hata mara moja. Sielewi nina nini.

Ngoja nianzie mwanzo. Nikianzia katikati nitaanza kujitetea.

Mimi ni fundi bati, hapa Nyakato ya Musoma. Baba yangu alikuwa fundi bati, na alitoka Ujiji akiwa na mkasi wa bati na chuma cha kulehemia, akaoa Musoma, akafia Musoma. Nilichorithi kwake ni vile vyuma viwili na ugomvi mmoja: kitu kisivuje. Koroboi ikivuja, alikuwa anaikanyaga mbele ya mteja. Na mimi ndivyo nilivyo. Mtu akinunua koroboi kwangu, au ndoo, au bomba la kumwagilia bustani, naijaza maji kwanza, naiweka juu ya gazeti kavu, tunasubiri wote wawili tukitazama gazeti. Likibaki kavu, anaondoka nayo. Nimefanya hivyo miaka yote, na hakuna mtu amerudi kulalamika, isipokuwa wale wanaolalamika kwa sababu ndivyo walivyozaliwa.

Lakini gazeti kavu halilishi watoto. Kwanza makopo yaliadimika. Ile miaka ya foleni, mtu akipata kopo la mafuta halitupi, analifanya kikombe, analifanya sufuria, analifungia sukari yake ya magendo. Halafu mafuta ya taa nayo yakaadimika, sasa nani anunue koroboi ya kuwekea nini? Tukalala saa moja kama kuku. Halafu serikali ikasema basi, mwenye fedha zake alete bidhaa, na bidhaa zikaja kweli. Nilifurahi kama wengine. Nilisimama sokoni nikazitazama ndoo za plastiki, nyekundu na bluu, nyepesi, zimepangwa hadi juu, na nilisimama muda mrefu kabla sijaelewa kwamba nilikuwa natazama mwisho wa kazi yangu. Nikaigonga moja kwa kidole. Haina mshono. Haina mahali pa kuvuja.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu plastiki itapasuka kwa jua. Akasema, "Basi tusubiri jua."

Mke wangu ni Mama Asha. Kwao ni Nyegina, Mkristo, mtoto wa wavuvi, na tulioana bomani kwa sababu hakuna shehe wala padri aliyetaka kutusikia. Yeye anakausha samaki kwa moshi. Nyuma ya nyumba ana tanuri la udongo lenye waya ndani kwa safu, na tangu ziwa lijae sangara yeye ndiye anayetulisha. Sangara ana mafuta mengi, hakauki kwa jua kama furu au dagaa, anaoza huku unamtazama. Ni lazima umpe moshi, na moshi wenyewe una adabu zake. Nilikuwa naona kazi hiyo kila siku kwa miaka na sikuwahi kuiuliza swali hata moja. Hilo naliandika kwa makusudi.

Sasa Bruda. Bruda Anselmi ndiye mkuu wa karakana za pale misheni. Ni mtu wa Ukerewe, mrefu, mpole, na akikuuliza kitu anasubiri jibu mpaka unaona haya. Mwezi uliopita alikuja kwangu kutengenezewa faneli. Akatazama lile gazeti langu kavu, akacheka, akasema anatafuta mwalimu wa bati, ila mtu wa kulehemu tu hamtaki. Anataka mtu anayeweza kueleza. Wanafunzi wake wanasoma injini kwa ubao, maana dizeli ya kuwashia injini ya kweli haipatikani, na ikipatikana inakwenda kwenye gari la wagonjwa. Akatoa karatasi kuukuu yenye mchoro. Ni injini isiyotumia dizeli wala petroli. Inatumia hewa iliyomo ndani yake. Unaipasha moto chini kwa chochote, mkaa, magunzi, maranda ya mbao, unaipoza juu kwa maji, na gurudumu linazunguka.

Akasema: iunde kwa mabaki, ilete Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, izunguke mbele yangu, na unieleze kwa nini inazunguka. Ukiweza, nafasi ni yako.

Nikamwambia inshallah, na moyoni nikasema hiyo ni koroboi yenye gurudumu tu.

Mabaki niliyapata. Kopo kubwa la maziwa ya unga kwa ganda la nje. Kopo jembamba zaidi kwa kopo la ndani, lile linalopanda na kushuka. Pampu ya baiskeli iliyokufa, nikaikata, ikawa silinda na pistoni yake, na ngozi ya pampu bado nzima. Spoki ya baiskeli kwa fimbo ya kulivutia kopo la ndani. Kishina cha valvu ya tairi, kile cha shaba, kwa tundu ambamo spoki inapita kwenye kifuniko. Na gurudumu la cherehani, ambalo fundi nguo mmoja wa hapa jirani alinipa baada ya cherehani yake kukosa spea mpaka ikageuka meza. Kazi ya siku nne, safi. Nilijaza maji nikaweka juu ya gazeti. Kavu.

Nikawasha moto. Baada ya dakika kumi chini likaanguka tone la fedha, likafuata la pili, kisha kitako chote cha kopo kikadondoka kwenye mkaa.

Risasi ya kulehemia iliyeyuka. Mimi, mtu wa kulehemu tangu utoto, nililehemu kitako cha chombo kinachokaa juu ya moto. Nimejiuliza nilikuwa nafikiri nini, na jibu ni kwamba nilikuwa nafikiri koroboi. Koroboi ina moto juu na mafuta chini, mafuta yanaipoza, risasi haijawahi kunisaliti. Mama Asha alipita na beseni la samaki akatazama kitako kwenye mkaa. Akasema, "Baba Asha, hii nayo unaiwekea gazeti?"

Nilicheka siku hiyo. Nilikuwa bado na nguvu za kucheka.

Nikatafuta kopo lingine ambalo kitako chake kimefungwa kiwandani kwa kukunjwa, bila risasi. Nikaunganisha upya. Kitako hakikudondoka tena. Lakini injini haikuzunguka pia. Nikiligeuza gurudumu kwa mkono linakwenda robo, linagoma, linarudi. Nikasema injini inavuja. Kwa fundi bati kitu kisipofanya kazi kinavuja, hakuna ugonjwa mwingine. Nikatafuta mvujo. Nikapaka sabuni kila mshono nikatazama povu. Hakuna. Nikatazama lile kopo la ndani, nikaona kati yake na ganda la nje kuna nafasi, ndogo, kama unene wa njiti ya kiberiti. Nikafurahi sana. Mvujo wenyewe huu hapa! Hewa ya moto inapita pembeni badala ya kusukuma kopo.

Kwenye mchoro wa Bruda hiyo nafasi ilikuwepo. Niliiona. Nikasema mchoraji amekosea.

Basi nikaziba. Nikalizungushia kopo la ndani ukanda wa ngozi nikaupaka mafuta. Likakaza. Gurudumu likagoma zaidi. Nikapunguza ngozi, nikaweka uzi wa katani wenye nta. Nikatoa uzi, nikavingirisha bati jembamba. Kila nilipoziba vizuri zaidi, ndivyo ilivyokufa zaidi, na kila ilivyokufa zaidi ndivyo nilivyoona sijaziba vya kutosha. Wiki mbili zilikwenda hivyo. Niliacha kula vizuri. Nilimgombeza Asha kwa sababu alipiga chafya karibu na mkaa. Nilianza kuamini kwamba Bruda amenipa karatasi ya uongo ili anipime kama nitakiri kushindwa. Nilitaka kumrudishia karatasi yake, na nikimfikiria akisubiri jibu kwa ule upole wake, nashindwa.

Jumatano ndiyo siku yenyewe.

Nilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na tanuri, kwa sababu pale kuna mkaa wa bure. Mama Asha alikuwa anapanga sangara kwenye waya. Mimi nilikuwa nalilazimisha kopo la ndani liingie, limekaza mpaka nalisukuma kwa goti. Akasimama na samaki mkononi, akatazama. Sikumwuliza, aliuliza mwenyewe.

"Hiyo inafanyaga kazi gani humo ndani?"

Nikamwambia kwa kifupi, kama unavyomweleza mtu ambaye hutaki aendelee kuuliza. Hewa inapashwa moto chini, inataka kupanda, inasukuma.

"Inapanda ipite wapi?"

Nikamwambia haipiti, ndiyo maana nimeziba.

Akacheka. Si kwa dharau, alicheka kwa mshangao. Akaniita nisogee kwenye tanuri. Akanionyesha samaki walivyokaa kwenye waya, kila mmoja na mwenzake wana nafasi ya kidole. Akasema mwaka ule alipoanza alikuwa na haraka, aliwabananisha ili wakae wengi, akaziba na pembeni ili moshi usitoroke. Chini wakaungua, juu wakabaki wabichi, katikati wakaoza. "Moshi ukiubana haufanyagi kazi, unakaa tu pale pale ulipo. Wa chini ubaki wa moto, wa juu ubaki wa baridi. Mpaka upate pa kupita pembeni, uende juu, ndiyo kitu kinaiva. Sasa wewe hilo kopo lako kazi yake si kusukumwa. Kazi yake ni kuihamisha hiyo hewa. Likishuka, hewa inakimbilia juu kwenye baridi, likipanda, hewa inakimbilia chini kwenye moto. Lakini utaihamishaje na umeiziba njia? Kitu cha kusukumwa si hiyo pampu yako ya baiskeli?"

Halafu akarudi kwenye samaki wake.

Nilikaa pale na kopo kwenye goti.

Sikufanya alichosema mbele yake. Hiyo nayo naiandika. Nilisubiri aende kisimani. Alipoondoka nikakata bati lote nililovingirisha, nikalikwangua kopo la ndani mpaka likabaki jembamba kama nilivyoliokota, nikalitundika kwenye spoki lisiguse ukuta mahali popote. Moyo uliniuma kama nimeitoboa ndoo nzuri kwa msumari. Nikawasha moto. Nikamwagia maji juu. Nikaligeuza gurudumu kwa kidole kimoja, kinyonge, kama mtu anayefanya kitu ili baadaye aseme nilijaribu.

Likazunguka. Mzunguko mmoja, wa pili. Nikatoa mkono. Likaendelea. Tak, tak, tak, tak. Hakuna mafuta, hakuna moshi wa dizeli, makopo mawili na pampu ya baiskeli, na linaendelea. Nilipiga kelele. Mama Asha alirudi na ndoo kichwani akakuta nimepiga magoti mbele ya mkaa nalia. Akatua ndoo, akatazama, akaona kopo lililokwanguliwa. Aliona, najua aliona. Akasema, "Afadhali. Sasa utakula."

Tungeishia hapo, ningekuwa mtu mwema bado.

Asubuhi ya leo tuliondoka pamoja, mvua ikinyesha nyembamba. Injini juu ya baiskeli, imefungwa kwa khanga yake. Yeye alikuja kwa sababu moto ulihitaji mtu wa kuuangalia wakati mimi nikigeuza gurudumu, na hakuna anayejua moto kama yeye, na pia alikuwa na samaki wa kupeleka jikoni kwa masista. Njiani tuliongea. Alikuwa na furaha. Aliniambia nikipata kazi hii nitaacha kuwafokea watoto. Nikamwambia nitaanza kufokea watoto wa watu. Alicheka mpaka akasimama.

Karakana ilikuwa na Bruda na wanafunzi wake, labda ishirini, wamesimama kwa duara. Mama Asha akachuchumaa, akapanga mkaa, akapuliza. Alikuwa chini kabisa, karibu na mguu wangu. Nikamwagia maji juu, nikaligeuza gurudumu. Tak, tak, tak. Wale vijana walishangilia kama mpira umeingia golini. Bruda aliinama, akatazama muda mrefu, akalisimamisha gurudumu, akachomoa kizibo kidogo nilichoweka kwenye kifuniko, akaingiza unyasi mwembamba humo mpaka pembeni mwa kopo la ndani. Akauliza, "Fundi Shabani, hili kopo la ndani limelegea. Wewe kitu chako hakivuji, mimi nakujua. Hapa umekosea, au umekusudia?"

Akasubiri jibu.

Nilifungua mdomo na nikasikia maneno ya mke wangu yakitoka. Yote. Nilisema ni kama tanuri la samaki. Nikasema ukiwabananisha sangara, wa chini wanaungua, wa juu wanabaki wabichi, kwa sababu moshi haupati pa kupita. Nikasema kazi ya kopo hili si kusukumwa, ni kuihamisha hewa kati ya moto na baridi, na kinachosukumwa ni hii pampu. Nilitumia hata mkono wake, ule wa kuonyesha nafasi ya kidole. Wale vijana walikuwa wananitazama midomo wazi. Nikaona wameelewa. Naapa, mimi mwenyewe nilielewa wakati ule ule nikisema, na kabla ya pale nilikuwa sijaelewa.

Bruda akapiga makofi. Akasema miaka yote anafundisha injini na hajawahi kusikia ikielezwa hivyo, na kwamba injini nzuri fundi yeyote anaweza kuibahatisha, ila maelezo kama haya ndiyo aliyokuwa anayatafuta. Akaniuliza, "Hili la samaki umelifikiria mwenyewe?"

Nilisema ndiyo.

Ningeweza kusema, "Ni la mke wangu huyu hapa." Ni maneno sita. Alikuwa hatua moja, ana masizi mkononi, anapuliza moto. Hakuinua kichwa. Aliendelea kupuliza, sawasawa, kama vile hakuna kilichosemwa. Bruda akanipa mkono. Kisha akainama akamwambia, "Hongera Mama, una mume mwenye akili." Akajibu, "Ahsante, Bruda."

Narudi kwenye neno lile, ile ndiyo yangu, na silielewi. Sikuwa nimepanga kusema uongo. Hakuna aliyenitishia. Bruda ni mtu ambaye angefurahi zaidi kusikia ni la mama, namjua, angelisimulia kanisani. Au labda si kweli? Labda angesema basi tumchukue mama. Je, hicho ndicho nilichoogopa? Sijui. Naandika "sijui", lakini labda najua.

Kurudi tulitembea polepole, mimi nasukuma baiskeli. Nilisubiri agombe. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno tayari: kwamba kazi ni ya nyumba yetu sote, kwamba mume na mke kitu chao kimoja, kwamba Bruda anaajiri fundi na fundi ni mimi. Maneno mazuri kabisa. Hakunipa nafasi ya kuyatumia hata moja. Alizungumza juu ya kuni. Alisema masista wametaka samaki tena wiki ijayo. Alisema Asha anahitaji sketi ya shule. Tulipokaribia Nyakato ndipo akasema, bila kunitazama:

"Umeeleza vizuri."

Mpaka sasa sijui ile ilikuwa sifa au kisu. Nimeigeuza kila upande. Kama ni sifa, mwanamke huyu ana moyo ambao mimi sina, na nimeishi naye bila kuuona. Kama ni kisu, ameniacha nikitembea nacho. Ningependa ingekuwa kisu. Kisu ningejua pa kukishika.

Na kinachonichanganya zaidi ni hiki. Nimetumia maisha yangu nikijisifu kwa kitu kimoja, ukweli wa kazi. Mteja haondoki na koroboi inayovuja. Nimewadharau mafundi wanaoziba tundu kwa sabuni na kumpa mtu aende. Nimewadharau walanguzi, nimewadharau wenye maduka waliokuwa wakificha sukari chini ya kitanda wakisema hakuna. Na leo, nilipoulizwa swali moja rahisi mbele ya vijana ishirini, nimefanya nini? Chini ya kitanda changu kulikuwa na sukari ya mwenzangu.

Tena Jumatatu nitasimama mbele ya vijana wale wale, na watauliza swali la pili. Watauliza kwa nini maji ya juu yakipata moto injini inapungua nguvu. Watauliza kopo la ndani likiwa refu zaidi itakuwaje. Mimi sina majibu hayo. Nimemeza jibu moja tu, na lile si langu. Nitarudi nyumbani kila jioni kumwuliza Mama Asha kwa ujanja, nikijifanya nazungumzia samaki? Naona kabisa naweza kufanya hivyo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Nilifikiri nimwendee Bruda kesho, baada ya misa. Sijawahi kusimama nje ya kanisa kungojea mtu, watu watajiuliza kama Shabani amebatizwa. Nimwambie. Lakini kazi ikiondoka? Sketi ya Asha, na ndoo za plastiki kule sokoni. Na Mama Asha mwenyewe akiniuliza, nani amekutuma ukairudishe kazi yetu? Anaweza kuuliza hivyo, na atakuwa na haki. Kwa hiyo nikisema ukweli namkosea, na nikinyamaza namkosea. Nimezunguka hapo tangu saa sita na sijatoka.

Nasimama kidogo. Kuna mtu nje.

Ni Mama Kulwa, jirani wa nyumba ya tatu, amekuja kununua samaki. Sauti yake haihitaji dirisha. Anampongeza mke wangu, anasema habari imeshafika sokoni, Baba Asha ameunda injini ya makopo, ameajiriwa misheni. Anauliza, "Eti inaendagaje, mwenzangu, bila mafuta? Mimi nimeambiwa ni hewa tupu. Hewa inazungushaje gurudumu?"

Nimeacha kuandika ili nisikie. Ndipo pa kusema. Hakuna Bruda pale, hakuna kazi ya kupotea, ni wanawake wawili na beseni la samaki.

Kisha mke wangu:

"Mimi nitajulia wapi, Mama Kulwa? Mambo ya akili hayo. Mwenyewe yuko ndani, muulize."

Ameisema kwa sauti ya kawaida. Hakuwa anataka niisikie. Amesema hajui, yeye anayejua, mbele ya jirani ambaye kesho atalisambaza mji mzima, ili mimi nibaki ndiye ninayejua. Naye anaendelea kumchagulia Mama Kulwa samaki.

Basi haikuwa kisu.

Sasa wananiita. "Baba Asha! Njoo basi utueleze na sisi!" Ni Mama Kulwa, na ana kicheko ndani yake, na atasimama pale mpaka nitoke.

Sitawaeleza. Natoka nikakae kwenye mkeka upande wa Mama Kulwa, si upande wa mwenye samaki, na nitasema: Mama Asha, tueleze sisi wawili, pole pole, maana mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza nikiwa nimekasirika. Akikataa nitauliza tena. Na kesho misa ikitoka nitakuwa nje ya mlango nikimsubiri Bruda, naye atanitazama kwa upole wake, na safari hii nitakuwa na jibu.

Nafunga daftari. Natoka.